Vipandio Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la hesabu, nimechana kurasa za mbele. Mwalimu wa michoro anataka kila mmoja awe na daftari la amri za kompyuta, aandike amri na kazi yake mpaka azizoee. Nitaandika amri. Nitaandika na mengine pia, maana kusema siwezi. Nina miaka kumi na saba na sauti yangu bado huishia kooni. Leo ameuliza nani anajua tofauti ya kusogeza na kunakili. Nilijua. Nikaangalia viatu vyangu mpaka mwingine akajibu.

Kwenye skrini amri zimeandikwa kwa lugha ya shule. Mimi naziandika hapa kwa lugha ya nyumbani, ndipo zinaniingia. Mstari. Duara. Futa. Sogeza: kitu kinahama. Nakili: kitu kinabaki na mwenzake anazaliwa. Tendua: ulichokosea kinaondoka kana kwamba hakikuwahi kutokea.

Hiyo ya mwisho nimeipigia mistari miwili.

Mvua imeanza.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta kumi na nne, sisi ishirini na sita. Mimi niko na msichana tunayemwita Kengele, kwa sababu hanyamazi. Dakika arobaini zake, arobaini zangu. Zake huwa hamsini na mimi sisemi kitu.

Mwalimu tunamwita Milimita, kwa siri. Leo amesema jambo nililoliandika hivi hivi alivyolitamka: "Humu ndani hatupunguzi. Nyumba ya mita kumi unaichora mita kumi. Kupunguza ni kazi ya karatasi." Kengele akauliza mita kumi zinaingiaje kwenye kioo kidogo hivi. Darasa likacheka. Swali lilikuwa zuri, nilikuwa nalo mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Nieleze kwetu, maana bila hivyo mengine hayataeleweka.

Mama ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko chini, sisi tunaishi juu yake, vyumba viwili na kibaraza. Babu, baba yake Mama, anaishi nasi. Zamani alishinda mbele ya karakana kwenye kiti chake cha chuma, anawatania wateja. Mwezi uliopita kipandio kimoja cha ngazi ya nje kilikatika akiwa juu yake. Hakuanguka, alijishika. Lakini Mama aliikata ngazi yote siku ile ile, akiwa amekasirika kana kwamba ngazi imemtukana. Kutu ilikuwa imeila ndani kwa ndani. Sasa tunapanda kwa ngazi ya mbao ya kuegemeza, na Babu nyonga yake haiwezi. Ana wiki ya tano hajagusa ardhi.

Chai yake inapanda kwa ndoo na kamba. Vyombo vinashuka kwa ndoo. Anapiga kelele dirishani: "Nimekuwa kisima cha juu! Vuteni polepole!" Wateja wanacheka. Mimi ninayekaa chumba cha pili najua kwamba akidhani yuko peke yake hatanii. Anahesabu hatua kutoka kitandani mpaka dirishani. Nimemsikia. Kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi.

Leo Mama amepata bamba la chuma la kukatia mbavu mbili za ngazi mpya, zile za pembeni zinazobeba vipandio. Ni bamba moja, nene, na anasema la pili kama hilo hajui atalitoa wapi. Akapiga magoti akaanza kuchora sakafuni kwa chaki kama anavyochora kila kitu, lango, dirisha, kitanda, ukubwa ule ule wa kitu chenyewe. Uzi unapakwa chaki, unavutwa, unaachiwa, tap, mstari. Akikosea anafuta kwa wayo.

Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Naona aibu. Wenzangu wakipita wanamwona mama yangu amepiga magoti, kitambaa kichwani, anafuta sakafu kwa mguu.

Nikasema, "Naweza kuchora mimi. Kwenye kompyuta. Mashine ikakata."

"Nini?" Mama hakuinua kichwa.

Babu akajibu kutoka dirishani: "Amesema anaweza kuichora! Niko juu nasikia, wewe uko naye husikii!"

"Baba, hii si picha ya kubandika ukutani."

"Kwani mtoto anasoma nini huko? Mwache achore. Injinia, chora! Mimi nitaikanyaga hata ikiwa ya kamba."

Mama akanitazama. "Chora," akasema. Lakini chaki yake hakuifuta.

Jumapili, 9 Machi

Tumepima na Mama. Kutoka ardhini mpaka ukingo wa kibaraza ni milimita 2880. Vipandio kumi na sita, kila kimoja 180 kwenda juu. Mama amesema vyote lazima vilingane. "Mguu wa mzee hauangalii. Ukishapanda viwili unajua cha tatu kiko wapi. Ukiukosesha, unaanguka."

Jumatano, 12 Machi

Amri mpya: Panga. Unachora kipandio kimoja, unaiambia mashine kumi na sita, vinapangika vyenyewe kama wanafunzi mstarini. Ubavu wa pili nikaupata kwa amri ya Kioo, inayonakili kitu kwa kukigeuza upande. Dakika ishirini tu! Kengele akasema, "Duh. Na hufungui hata mdomo."

Ijumaa, 14 Machi

Amri: Pasua. Kilichofungwa pamoja kinatawanyika, kila mstari unabaki peke yake. Nilitaka kurekebisha kona ya kipandio cha juu, nikapasua mpangilio wote, nikahifadhi, nikafunga. Sasa havijui tena kwamba ni ndugu. Si neno, vipo palepale.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Babu hakula.

Alhamisi, 20 Machi

Maji yametuama pale ngazi itakapokanyaga. Mama hakunisubiri. Nimerudi kutoka shule nimemkuta ameshamwaga zege, jukwaa pana la kutosha, limenyanyuka kiganja kimoja juu ya ardhi. "Chuma hakisimami kwenye dimbwi," akasema. "Ukipata nafasi upime upya."

Jumamosi, 22 Machi

Nimepima. Sasa ni 2800. Nimegawanya kwa kumi na sita: 175. Kwa hiyo kila kipandio kinapungua milimita tano. Tano tu. Lakini vyote, na pande zote mbili.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimefanya kitu.

Fundi wa mashine ya kukatia alikuwa amemwambia Mama alete faili kesho. Kengele alichukua dakika zake na nusu ya zangu, nikakaa nyuma yake kama mlango. Nilipokaa kwenye kiti zilikuwa zimebaki kumi na tano, nje kunanguruma na taa zinachezacheza. Njia sahihi ilikuwa kufuta vipandio vyote, nichore kimoja cha 175, nipange upya, kisha Kioo. Nilianza. Taa zikafifia. Nikaogopa umeme utakatika nipoteze yote, nikatendua.

Kwenye mchoro kuna namba za vipimo. Hizo kompyuta inazipima yenyewe kutoka kwenye mstari. Lakini ukibofya juu ya namba mara mbili, inakubali uandike unachotaka. Palipoandikwa 180 nikaandika 175. Palipoandikwa 2880 nikaandika 2800. Mistari sikuigusa.

Nilijiambia nitairekebisha mapema kesho asubuhi. Nikachapa karatasi. Ilitoka safi, inapendeza.

Jumatano, 26 Machi

Chumba cha kompyuta kimefungwa. Paa limevuja usiku, wamezifunika mashine kwa maturubai. Hatuingii mpaka fundi wa paa aje.

Milimita akaishika karatasi yangu mbele ya darasa zima. "Angalieni usafi huu. Huyu hasemi, anafanya." Nilitamani sakafu ifunguke. Halafu akaongeza, akizungumza na wote: "Na mkumbuke, mkipeleka kazi kwa mashine, mashine haisomi namba. Inafuata mstari."

Sikusikia kilichofuata.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Mama alikuwa na ndoo na fagio gumu, anasugua sakafu ya karakana. Ile chaki ya ngazi ilikuwa inaelekea mtaroni, maji meupe.

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha. Mchoro wangu una kazi gani tena? Nimeiona karatasi yako, mwalimu wako amenipigia simu, anakusifu kama anakuuza." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Miaka ishirini sijawahi kukata chuma kabla sijakilaza kwenye chaki yangu. Hiki nitakichomelea hivyo hivyo kikitoka kwa mashine. Basi na mimi nipumzishe magoti."

Nikampokea ndoo, nikaisuuza. Akachukua mwenyewe flashi yangu yenye mchoro, akaipeleka kwa fundi wa mashine.

Ijumaa, 28 Machi

Umeme hakuna mtaa mzima wa mashine. Hawajakata. Nimeomba uendelee kukatika.

Jumamosi, 29 Machi

Bado hakuna umeme. Babu ameteremsha ndoo yenye kiatu kimoja. "Kipigwe rangi," akasema. "Cha pili kitafuata. Siku yangu inakuja, sitaki kushuka kama mgonjwa."

Nimekipiga rangi. Nimekipiga tena. Nimezunguka nacho karakana nzima sijui pa kukiweka.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kubwa. Maji yamepanda mpaka juu ya zege jipya, ncha ya kidole hivi. Mama ametukana mvua kwa majina.

Paa la shule bado.

Nahesabu. Milimita themanini ni upana wa kiganja changu bila dole gumba. Ngazi itazidi ukingo wa kibaraza kwa kiganja. Mama ataiona siku ya kuinyanyua, ikiwa imeshachomelewa kila kitu. Atafanya nini? Atakata chini. Hapo kipandio cha kwanza kitakuwa kifupi, mia moja, na vingine vyote mia na themanini. Na mguu wa mzee hauangalii.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda kwenye yadi ya mashine peke yangu. Fundi wanamwita Masikio kwa sababu ya vile vifuniko vikubwa anavyovaa dhidi ya kelele. Nimesimama langoni. Kaniona, kanyanyua kifuniko kimoja.

"Binti wa fundi mama! Umeme umerudi, zenu ni keshokutwa. Kuna kitu?"

"Hapana, mjomba. Nilikuwa napita."

Yadi ile haiko njiani kwenda popote.

Jumatano, 2 Aprili

Kiatu cha pili kimeshuka.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika kabla sijalala.

Leo sikwenda shule. Nilimwambia Mama nataka kuona mashine ikikata na yeye akafurahi, tukaenda pamoja na mkokoteni. Njiani alikuwa akinitania kwamba nikiwa injinia nisije nikajifanya simjui. Nilipanga kumwambia tukifika kwenye duka la rangi. Tukalipita. Nikasema tukifika kwenye daraja la mtaro. Tukalipita nalo. Tulipofika yadi bamba lilikuwa tayari mezani na cheche zinaruka. Walianza mapema.

Mashine ile ina mkono unaotembea wenyewe. Unatembea, unashuka, unatembea, unashuka, chuma kinafunguka kama nguo. Mchoro wangu, kona kwa kona. Mia na themanini. Mia na themanini. Ilikuwa nzuri sana.

Ubavu wa kwanza ukatoka. Mama akaenda langoni kuupakia kwenye mkokoteni na kijana wa yadi. Mkono ukaanza ubavu wa pili. Nikajiambia, kikitimia kipandio cha tatu nasema. Nikajiambia cha sita.

Kwenye cha tisa nikasema, "Mjomba, simamisha."

Hakusikia. Ndiyo, mwenye masikio yale atasikiaje. Nikasema tena, kwa nguvu yangu yote ya kila siku, ambayo ni kama kunong'ona. Mkono unatembea. Basi nikamfuata, nikashika kile kifuniko cha sikio, nikakivuta, nikapiga kelele:

"SIMAMISHA!"

Nadhani hata dukani kwa rangi walisikia. Masikio akaruka, akapiga kitufe chekundu. Cheche zikafa. Watu sita wananitazama, na Mama anakuja mbio kutoka langoni akifikiri nimekatwa kidole.

"Umeumia? Wapi? Nionyeshe!"

"Sijaumia. Mchoro ni wa uongo."

"Uongo vipi?"

"Namba ndiyo mpya. Mstari ni wa zamani. Niliandika tu namba juu. Sikuchora upya. Nilijua tangu siku ile."

Masikio akavua vifuniko vyote viwili, akatazama pembeni, kama mtu aliyeingia chumba ambamo watu wanavaa nguo. Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza kitu kimoja: "Nilipokuwa naosha sakafu, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Akamwambia Masikio asiendelee mpaka kesho. Tukarudi na ubavu mmoja kwenye mkokoteni, yeye mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma. Duka la rangi, daraja, vyote tena. Mvua ikaanza na hakuna aliyefunika kichwa.

Karakana ilipofunguliwa akanionyesha ngazi ya mbao. "Panda ukamwambie babu yako. Si mimi nitakayemwambia."

Nikapanda. Babu alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake viwili vinavyong'aa, amevivaa, anavijaribu chumbani. Nikamwambia yote bila kupumzika. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakutania. Hilo ndilo limenikata. Akasema polepole, "Mimi nilimwambia mama yako akuache uchore," akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilipoamka nimesikia tap. Tap. Uzi wa chaki.

Mama alikuwa magotini. Alikuwa ameanza upya, ngazi yote, kwenye sakafu aliyoiosha. Nikabaki mlangoni namtazama kama sijawahi kumwona. Alikunja kipande cha boksi kuwa kipandio, akakisogeza juu ya mstari, alama, akakisogeza, alama: hiyo ni Panga. Akakigeuza kile kipande upande wa pili: hiyo ni Kioo. Uzi na msumari, akazungusha: hilo ni Duara. Wayo ukapita juu ya alama iliyozidi: Futa. Na yote kwa ukubwa wake, bila kupunguza. Humu ndani hatupunguzi! Nimekaa mwezi mzima darasani najifunza kitu ambacho mama yangu anakifanya kwa magoti, nikawa naona aibu, naomba wenzangu wasipite.

"Usisimame kama mteja," akasema. "Shika huku."

Tukaulaza ubavu juu ya chaki. Ulizidi chini kwa kiganja, kama nilivyojua. Akachuchumaa, akautazama.

"Nikikata hiki kiganja, cha kwanza kinakuwa kifupi. Nikikata juu, cha mwisho. Hapo ni kumwua mzee."

Nilikuwa naona skrini kichwani. Kata ni amri ya kuondoa kilichovuka mpaka. Lakini nani kasema mpaka uwe pale?

"Mama." Safari hii akainua kichwa mara moja. "Tukate kipandio kizima. Cha chini. Vibaki kumi na tano."

"Halafu ngazi ining'inie?"

"Kumi na tano mara mia na themanini ni 2700. Tunapungukiwa na mia moja. Tunaongeza zege sentimita kumi."

"Zege nimemwaga juzi hapa, we mtoto."

"Na maji juzi yalipanda juu yake. Umeyatukana mwenyewe."

Akanitazama. Akafikisha wayo wake kwenye kipandio cha chini kabisa cha chaki na kukifuta, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akapima kilichobaki. Akapima mara ya pili.

"Nani kakufundisha kujibu hivyo?" akasema, lakini mdomo ulikuwa umeanza kumponyoka kwa tabasamu. Halafu ukajirudi. "Zege utamwaga wewe. Mchanga utabeba wewe. Na usifikiri nimesahau."

Jumanne, 8 Aprili

Ndoo ishirini na tatu za mchanga. Viganja vimetoka malengelenge. Kalamu inauma.

Masikio amemaliza ubavu wa pili, vipandio kumi na tano. Pale aliposimama, kwenye cha tisa, kumebaki alama kama kovu. Alitaka kuisaga iishe. Mama alimwambia aiache.

Alhamisi, 10 Aprili

Chumba kimefunguliwa. Dakika arobaini za Kengele zilipoisha nikamwambia, "Sasa zangu." Akanyanyuka mdomo wazi, bila neno. Mara ya kwanza!

Nikafungua ule mchoro. Nikafuta 175 niliyoiandika, na kompyuta ikapima yenyewe: 180. Nikafuta 2800, ikasema 2880. Nikaondoa kipandio cha chini, pande zote mbili. Nikampelekea Milimita, nikamwambia nilivyofanya mara ya kwanza. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika sifuri kwenye ile karatasi nzuri aliyoisifu. Kisha akauliza kama zege limekauka.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imepumzika asubuhi. Watu wanne na Mama wameinyanyua. Imekaa. Nimepitisha kucha kati ya chuma na kibaraza, haikuingia.

Babu hakuwa amevaa viatu. Nilivipandisha mimi, nikavifunga kamba mimi, na yeye akaniachia. Amekuwa akinisemesha kwa maneno mawili mawili tangu siku ile. Akasimama juu ya kibaraza, mkono kwenye reli. Mama alisimama katikati ya ngazi, mgongo umeelekea chini, tayari kurudi nyuma mbele yake. Mimi nilikuwa chini kwenye zege.

"Usiniambie vingapi," akasema. "Nitahesabu."

Akashuka. Moja. Mbili. Macho yake hayakuwa miguuni, yalikuwa barabarani, kwa watu. Saba alisimama kupumua. Kwenye ile yenye kovu aliinama kidogo, mkono mmoja ukashuka kwenye ubavu, ukaligusa. Kumi na nne. Kumi na tano, na kiatu kikakanyaga zege, akabaki na mguu mmoja umeinuka hewani kidogo, unatafuta.

"Karatasi yako ilisema kumi na sita. Moja iko wapi?"

"Umesimama juu yake, Babu."

Akatazama chini, akagonga zege kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Halafu akaniwekea mkono begani, wenye uzito wake wote.

"Haya, Injinia. Nipeleke kwenye kiti changu."